Darubini ya Mama Mkwe

"Ukiulizwa unaona nini, sema unamwona jogoo."

Aliniambia hivyo tukiwa tumebakiza ngazi sita kufika mlangoni kwa mama yake. Nilisimama. Mkono mmoja ulishika mfuko wa matunda, mwingine ulishika ukuta, maana viatu nilivyovaa siku hiyo nilikuwa nimeviazima kwa dada yangu na vilikuwa havijakubali kuwa miguu ni yangu.

"Jogoo gani tena?"

"Wa bati. Yuko juu ya paa la kiwanda cha unga, ng'ambo ya reli. Mama atakupa darubini ya marehemu baba, utatazama, utasema unamwona jogoo. Basi. Tutakula, tutaongea, tutaondoka."

"Na nisipomwona?"

Mpima akashusha sauti. Jina hilo nilimpa mimi, siku ile ya kwanza alipoingia karakana yetu na kipimo chake cha kupimia viwanja kimepasuka kioo. Alisimama mlangoni, mrefu kama mlingoti, akaniuliza fundi yuko wapi. Mimi nilikuwa nimevaa aproni, bisibisi iko nyuma ya sikio. Nikamwambia, fundi anakutazama, wewe ndiye huoni. Alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Tangu siku hiyo kile kipimo kiliharibika mara nne katika miezi miwili, na mara mbili kati ya hizo hakikuwa na ubaya wowote.

"Sema tu," akasema sasa. "Wake wa kaka zangu wote wawili walisema. Ni neno moja."

"Wewe mwenyewe unamwona?"

Akatazama ukuta kana kwamba umeandikwa jibu. "Macho ya watu hayafanani."

"Mpima. Kutwa unatazama kwenye lenzi. Unasoma namba zilizo umbali wa viwanja viwili vya mpira. Unamwona au humwoni?"

"Fundi wangu, nakuomba. Leo tu. Mama akimkataa mtu amemkataa. Hana mlango wa nyuma."

Hiyo "leo tu" ilinichoma kuliko viatu. Baba yangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa akiniambia kuwa kifaa hakijui kudanganya. Anayedanganya ni aliyekishika. Nilitaka kumrudishia Mpima maneno hayo palepale ngazini. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na mama yake alikuwa amesimama mbele yetu, mfupi, mnene kidogo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnanong'ona nini kwenye ngazi kama wezi? Ingieni."

Sebule ilikuwa safi kiasi cha kutisha. Vitambaa vya meza vilikuwa vimepigwa pasi mpaka pembe zake zingeweza kukata mtu. Kwenye kochi refu walikaa wake wa kaka zake wawili. Mke wa kaka mkubwa alikuwa mwalimu wa chekechea, na aliongea na kila mtu kana kwamba ana miaka mitano. Mke wa kaka wa pili alikuwa na mimba ya miezi saba na sahani ya karanga juu yake, imetulia kama iko mezani.

Mama akapokea matunda, kisha akapokea mkono wangu, na hakuurudisha. Aliugeuza. Alivaa miwani.

"Hii nyeusi kwenye kucha ni nini?"

"Grisi, mama. Nimeosha mara tatu. Haitoki yote."

"Mwanangu aliniambia unafanya kazi ya vioo. Nikadhani unauza miwani."

"Natengeneza, mama. Kamera, hadubini za maabara, vipimo kama cha Mpi... kama cha mwanao. Karakana ni ya baba, lakini macho yake yamechoka, sasa kazi za ndani nafanya mimi."

"Mwanamke wa bisibisi," akasema mama, akiuachia mkono wangu polepole. Hakusema kwa ubaya wala kwa wema. Alisema kama mtu anayesoma bei sokoni kabla ya kuamua.

Mpima alinitazama kutoka upande wa pili wa meza. Najua macho yake. Yakifurahi yanafanya vikunjo viwili pembeni, yakiogopa yanakuwa makubwa kama ya mtoto aliyevunja kikombe. Siku hiyo yalikuwa ya kikombe. Nilimkasirikia, na bado nilitaka kuvuka meza ile nikamlaze kichwa begani. Moyo hauna adabu.

Tulikula. Niliulizwa ninapika nini, nasali lini, nalala saa ngapi. Nilijibu vyote. Kisha mama akafuta mikono, akaenda chumbani, akarudi amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo la manjano.

"Twendeni roshani," akasema.

Mke wa kaka mkubwa akanisogelea sikioni. "Utatazama vizuri, eh? Halafu utasema vizuri," akaninong'oneza, kwa sauti ile ya chekechea.

Mama akafungua taulo, nami nikasahau kuwa nimekuja kuposwa.

Ilikuwa darubini ya shaba, urefu wake ikiwa imefungwa ni kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole. Neli tatu zinazoingiana, na ile ya nje, nene, ilikuwa ya mbao iliyovishwa ngozi nyeusi, imeshonwa kwa mshono mmoja ulionyooka ambao leo hakuna mtu angekuwa na subira nao. Upande wa jicho kulikuwa na kifuniko kidogo cha kuteleza, kinafungua na kufunga tundu kama kope. Na shaba yenyewe! Ilikuwa inang'aa kama sufuria mpya. Iling'aa kupita kiasi. Nilihisi harufu ya limau.

"Mama unaisugua kwa nini?"

"Limau na majivu. Kila Ijumaa, miaka thelathini na moja. Haijawahi kukosa hata wiki niliyojifungua huyu." Akamwonyesha Mpima kwa kidevu. "Baba yao alikuwa karani bandarini. Nahodha mmoja mzee alipoacha kazi alimwachia. Humu ndani kuna dhahabu, ndiyo maana inawaka."

Nilifumba mdomo. Nilifumba kwa nguvu.

"Marehemu alikuwa anakaa hapa hapa, kwenye kiti hiki, kila siku nikitoka kazini. Nikifika tu ngazini ananiambia, 'Nimekuona tangu kona ya posta, umebeba mfuko mkono wa kushoto.' Kila siku! Na kweli nimebeba mkono wa kushoto. Mtu akitazama kwa darubini hii vizuri, haoni vitu tu, anaona watu." Akanikabidhi. "Haya binti. Kiwanda cha unga kile pale, ng'ambo ya reli. Juu ya paa kuna nini?"

Nilizivuta neli taratibu, zikiwa zimenyooka, bila kuzungusha, maana shaba ya zamani ukiizungusha inajikwaruza yenyewe. Zilitoka na ule mlio mdogo wa hewa, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya safari. Nilifungua kope. Niliweka jicho.

Ukungu.

Nilisogeza neli ya kwanza ndani, nikaitoa, nikaisogeza tena kwa upana wa ukucha. Picha ilikaribia kukusanyika, kisha ikamwagika kama maziwa kwenye meza. Niliona kitu cha kijivu ambacho huenda kilikuwa paa. Kilikuwa na mkia wa mwanga pembeni. Nilijaribu tena. Nyuma yangu karanga zilikuwa zimeacha kutafunwa.

"Eh?" mama akasema. "Unaona nini?"

Neno moja. Lilikuwa mdomoni tayari, limeshavaa nguo. Nikisema jogoo, ningekuwa mkwe wa nyumba ile kabla ya chai. Nikigeuka, ningemwona Mpima wangu na macho ya kikombe, na nilijua kabisa ninachokipoteza: kicheko chake mlangoni, kipimo kisicho na ubaya, ile namna anavyoniita Fundi kana kwamba ni jina la malkia.

"Sioni kitu, mama."

Niliishusha darubini.

"Huoni nini?"

"Simwoni jogoo. Sioni paa vizuri. Naona ukungu."

Mama akainyang'anya. Hakuivuta kwa hasira, aliivuta kama mtu anayemtoa mtoto kwenye mikono ya mgeni. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Wewe nimekuambia, nimekuonyesha na kidole, na bado huoni! Wenzako walitazama mara moja. Huyu aliniambia jogoo anawaka jua. Huyu akaniambia amegeukia reli. Wewe, mtu wa vioo, unakuja nyumbani kwangu, unaniambia kitu cha mume wangu ni kibovu?"

"Sijasema kibovu, ma..."

"Umesema ukungu! Mwanangu, msindikize mgeni. Na matunda yake."

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta pochi yangu. Machozi niliyaambia yasubiri mpaka ngazini. Ndipo Mpima akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayeruka mtaro:

"Mama, hata mimi simwoni."

"Huoni nini wewe?"

"Jogoo. Sijawahi kumwona. Tangu nikiwa mdogo. Baba alikuwa ananipa natazama, naona maziwa tupu, nasema naona kwa sababu kaka walisema wanaona. Leo nimemwambia huyu aseme uongo, kwenye ngazi zako, dakika tano kabla ya kuingia. Amekataa. Akiondoka yeye, mimi namshikia mlango na tunatoka wote."

Nilimtazama. Masikio yake yalikuwa yanatetemeka. Mwanaume mrefu vile, na masikio yanatetemeka. Kama nilikuwa na hasira iliyobaki, nusu yake ilidondoka pale pale roshani.

"Na mimi," mke wa kaka wa pili akasema taratibu, akishika tumbo. "Mama nisamehe. Mimi niliona kijivu."

Wote tukamgeukia mke wa kaka mkubwa. Alirekebisha kola yake. "Mimi nilisema kwa heshima," akasema. "Siyo uongo. Ni heshima."

Nilitegemea radi. Badala yake mama aliketi kwenye kile kiti, darubini magotini, akatutazama mmoja mmoja.

"Ninyi nyote?" akauliza. "Nyote hamwoni?"

"Hatuoni, mama."

"Na mimi," akasema, na sauti ikakatika katikati. "Na mimi nimebadilisha miwani mara tatu! Nimekaa kwenye foleni ya daktari wa macho, nikamwambia daktari, nyumbani kwangu kila mtu anaona isipokuwa mimi. Marehemu anaona, watoto wanaona, hata wasichana wanaokuja mara ya kwanza wanaona! Nikasema basi, mimi ndiye nimefungiwa. Mkwe akiona, moyo wangu unatulia, nasema huyu ataona kwa niaba yangu." Akanigeukia. "Kumbe nawe huoni?"

"Sioni hata kidogo, mama."

"Ahsante," akasema. Alisema kana kwamba nimempa maji.

Hapo nilivua viatu vya dada yangu. Kuna mambo huwezi kuyafanya miguu ikiwa inaumia. "Mama, naomba ruhusa niifungue. Bila ruhusa ya mwenyewe siwezi. Kwetu karakana hiyo ni sheria."

Alisita. Vidole vyake vilizunguka ngozi nyeusi mara moja, mara mbili. Kisha akaiweka juu ya meza ndogo, juu ya lile taulo. "Fungua. Lakini mbele ya macho yangu, ingawa sasa sijui macho yangu ni ya namna gani."

Pochini sikosi brashi laini na kitambaa cha pamba; wengine hubeba wanja. Mpima akaleta kiti changu karibu na mwanga, akasimama nyuma yangu bila kuambiwa, akizuia upepo kwa mwili wake. Nilisikia joto lake mgongoni. Nililazimika kuhesabu neli mara mbili.

"Kwanza tuijue," nikasema. "Mgonjwa haanzi kutibiwa kabla hajaulizwa jina."

"Ana jina?" mama akauliza, akiinama mpaka miwani yake ikakaribia kudondoka kwenye neli.

"Anapaswa kuwa nalo. Hizi hupigwa chapa hapa, kwenye neli hii ya karibu na jicho." Niligeuza shaba kwenye mwanga wa pembeni. Hakuna. Laini kama shavu. Nikaomba karatasi nyembamba na kalamu ya risasi. Nililaza karatasi juu ya shaba, nikapitisha ubavu wa kalamu, polepole, kama unavyompapasa paka asiyekuzoea. Weusi ukatanda, na ndani ya weusi zikaanza kutoka herufi nyeupe. Nusu ya jina la mtu. Herufi tatu za mji fulani wa mbali. Na chini yake, kwa mwandiko wa kupinda, maneno matatu niliyowahi kuyaona kwenye darubini nyingine.

"Imeandikwaje?" Sauti ya chekechea ilikuwa imepotea kabisa, mke wa kaka mkubwa alikuwa amepiga magoti kama mwanafunzi.

"'Mchana au Usiku.' Kwa lugha yao. Ilikuwa inasifiwa hivyo, kwamba baharia anaweza kuitumia saa yoyote. Basi nahodha hakumdanganya mzee. Ni ya melini kweli, na ina miaka mia moja na ushee. Lakini si dhahabu, mama. Ni shaba, na ilikuwa imepakwa vanishi yake ya kuilinda. Vanishi imeisha. Na jina ndilo hili limebaki nusu."

"Nani kala nusu nyingine?"

Nilitazama bakuli la malimau lililokuwa juu ya kabati, lionekanalo kupitia mlango wa roshani. Mama akafuata macho yangu.

"Mimi?"

"Kila Ijumaa kidogo kidogo. Majivu ni msasa, na limau ni tindikali."

"Miaka thelathini na moja namla nahodha," akasema, na mke wa kaka wa pili akacheka mpaka karanga zikaruka. "Sasa nisugue kwa nini?"

"Usisugue. Tambara kavu la pamba, basi. Mkono ukiwa na jasho, usiishike shaba, shika ngozi. Usiilaze penye unyevu, na usiielekeze kwenye jua, itakuunguza jicho."

"Itakuwa nyeusi!"

"Iache. Hayo ni makunyanzi yake, mama. Nani anamsugua mzee kwa limau ili arudi kijana?"

Mama alijigusa shavu bila kujua, halafu akajikamata, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimwona anataka kucheka.

Nikageukia upande wa mbele, kwenye kioo kikubwa. Pete ya shaba iliyokishikilia ilikuwa imekaza, lakini haikuwa na alama ya koleo. Hakuna fundi aliyewahi kuigusa kwa muda mrefu. Nikaipasha moto kwa viganja vyangu viwili, kwa subira, mpaka ikakubali kuzunguka. Ndani kulikuwa na vioo viwili vinavyolaliana: kimoja kimebinuka pande zote kama tumbo la samaki, kingine kimebonyea kama kijiko. Kilichobonyea kilikuwa mbele. Kilichobinuka kilikuwa nyuma.

Nilijua palepale. Kile cha tumbo ndicho hukaa mbele, kipokee mwanga kwanza. Mtu alivitoa, akavichanganya, akavirudisha kinyume. Na kwenye hesi za pete, ile mifereji ya kuzungushia, ndani kabisa, kulikuwa na unga mweupe mkavu. Nilinusa. Haukuwa na harufu tena, lakini mtu aliyewahi kuosha vyombo anaujua unga ule. Ni sabuni iliyokauka.

Baharia haoshi kioo kwa sabuni. Wala karani wa bandari.

"Umeona nini?" Mpima akauliza juu ya kichwa changu.

Nilinyanyua macho nikakutana na ya mama. Uso wake ulikuwa umesimama. Alikuwa anatazama ule unga mweupe kwenye ncha ya brashi yangu.

"Vioo vimegeuka," nikasema. "Aliyevitoa alitaka kuvisafisha. Alifanya kwa mapenzi, ila wakati wa kurudisha alikosea upande. Ni kosa dogo. Hata mimi nililifanya mwaka wangu wa kwanza, baba akanikalisha bila chai."

Ningeishia hapo. Sikuwa na nia ya kusema zaidi, na nadhani aliliona hilo. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ni mimi," akasema.

"Mama..."

"Nyamazeni. Ni mimi. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Alisafiri siku mbili, nikasema nimfurahishe. Nikazungusha, vikanidondokea mkononi viwili, sikujua kuwa ni viwili. Nikaviosha kwa sabuni ya vyombo. Nikarudisha. Nikakaza kwa nguvu zangu zote ili asijue. Aliporudi akakaa kwenye kiti hiki, akatazama. Moyo wangu! Nikasimama mlangoni na kijiko mkononi. Akatazama muda mrefu. Halafu akaniambia, 'Leo inaona vizuri kuliko jana.'"

Treni ilipita mbali, na vikombe vikatikisika kidogo kwenye kabati.

"Nikajua nimeirudisha sawa. Nilipojaribu mwenyewe nikaona ukungu, nikasema ni macho yangu. Kwa sababu yeye anaona. Kila siku ananiambia, 'Nimekuona tangu kona ya posta.'" Alinishika mkono, ule ule wenye grisi. "Binti, aliniona kwa kitu gani, kama ilikuwa hivi?"

Niligeuka nikatazama mtaani. Kona ya posta kwa macho matupu ni nukta tu, watu wanapita kama sisimizi. "Mfuko," nikasema. "Alijuaje kuwa uko mkono wa kushoto?"

Mama akainua bega lake la kulia, likapanda nusu tu, likakwama.

"Bega hili lilivunjika nikiwa msichana," akasema polepole. "Sijawahi kubeba kitu kwa mkono wa kulia. Maisha yangu yote."

"Basi hakuhitaji kioo, mama."

Alilia. Alilia kidogo, kwa sauti ya chini, na alikuwa anatabasamu humo humo ndani ya kulia. Mke wa kaka mkubwa akampa kitambaa cha meza chenye pembe za kukata, naye akakitumia bila kujali pasi. Mpima alikuwa ameweka mkono begani kwangu. Sijui aliuweka lini.

Nilipuliza vumbi, nikapitisha brashi, nikafuta vile vioo kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje, nikavilaza inavyopasa. Nikakaza pete kwa vidole tu. Nilimkabidhi mama. "Wewe kwanza."

Alinyanyuka, akaegemeza darubini kwenye ukingo wa roshani, akafumba jicho moja. Nikamsaidia kusogeza neli, upana wa ukucha, upana wa nywele. Nikasikia pumzi yake inasimama.

"Uuwi."

"Unaona nini, mama?" Tuliuliza wote kwa pamoja.

"Naona paa. Naona misumari ya paa! Naona mwanaume amekaa dirishani anakula huku anasoma kitabu. Naona..." Alisogeza kushoto, akarudisha kulia. "Jogoo yuko wapi?"

"Juu kabisa, mama. Kwenye mlingoti."

"Mlingoti upo. Kuna chuma kitupu, kimeota kutu. Na kunguru amekaa juu yake." Akaitoa darubini jichoni, akageuka taratibu kama mnara wa taa, mpaka akamkuta mke wa kaka mkubwa. "Jogoo alianguka zamani. Wewe ulisema anawaka jua."

"Mama, mimi..."

"Na wewe, eti amegeukia reli! Kunguru ndiye amegeukia reli!"

Mke wa kaka wa pili alikuwa tayari amejifunika uso kwa sahani ya karanga. Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo, mpaka sisi wote tukashindwa kujizuia, na jirani wa chini akafungua dirisha kuuliza kuna nini. "Njia ya mwongo fupi," mama akamjibu kutoka juu, "ila kwetu imechukua miaka thelathini!"

Tulipoaga, hakunirudishia matunda. Alinipa mfuko mwingine, mzito. Nilichungulia ndani. Malimau, bakuli zima.

"Peleka kwenu," akasema. "Mimi sina kazi nayo tena."

Hakusema neno lingine, wala la kukubali wala la kukataa. Nikashuka ngazi na moyo wangu uko nusu, haujui ucheke au usubiri.

Tulitembea mpaka tukapita duka la viatu.

"Bado umekasirika," Mpima akasema.

"Kidogo."

"Kiasi gani? Mimi ni mtu wa vipimo."

"Upana wa ukucha." Nilimtazama. "Ulitaka nianze maisha na wewe kwa uongo."

"Niliogopa. Nilidhani kati ya kweli na wewe, lazima nipoteze kimoja."

"Ukiogopa tena, niambie unaogopa. Usiniambie jogoo."

"Naogopa sasa hivi," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Kwamba hujanipa mkono wako."

Nikampa. Viganja vyetu vilikuwa vinanukia shaba. Tulikuwa tumefika kona ya posta, watu wanapita pande zote, na simu yake ikalia mfukoni. Akaipokea kwa mkono uliobaki, akaweka sauti ya nje.

"Nimewaona tangu mlipotoka getini," sauti ya mama ikasema, bila salamu. "Mkwe wangu anachechemea. Viatu hivyo vinambana, mwambie avivue, hakuna anayemtazama isipokuwa mimi. Na mfuko kaubeba yeye, mkono wa kushoto. Wewe mikono yako ina kazi gani?"

Mpima alinitazama. Vile vikunjo viwili vilikuwa vimerudi pembeni ya macho.

"Mmoja umeshika simu, mama."

"Na wa pili?"

Akaukaza mkono wangu. Nami nilikuwa bado kwenye neno moja tu, nalirudia kichwani kama mtoto aliyepewa peremende: mkwe wangu, mkwe wangu.

"Huo wa pili nao nimeuona," mama akasema. "Usiuachie."